Stesheni ya Mkonge Juu ya Ubao Mmoja

Karibu kila mtu anayetaka kujenga reli ya mfano nyumbani huanza kwa kuchora duara. Duara lina raha yake: kichwa kinaondoka, mabehewa yanafuata, watoto wanapiga makofi, na treni inarudi palepale ilipotoka. Kasoro yake ni hiyohiyo. Reli ya kweli haikujengwa ili izunguke. Ilijengwa kwa sababu mahali fulani pana mzigo na mahali pengine unangojewa, na mjenzi anayeisahau sababu hiyo hubaki na mzunguko ambao baada ya majuma machache unafunikwa shuka. Ushauri wangu ni kwamba ujenge stesheni moja ndogo yenye kazi ya kufanya, katika njia ya reli unayoijua, na uijenge kwa uangalifu mkubwa kuliko unavyodhani unahitajika.

Nitachukua mfano wa njia ya Tanga. Ujenzi wake ulianza mwaka 1893, na mwaka huohuo Mjerumani Richard Hindorf alileta Tanga miche ya mkonge. Iliyonusurika safari ilikuwa 62 tu. Reli ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Mkonge ukaenea pembeni mwake, na mashamba yakawa na vijireli vyao vyembamba vya kubebea majani hadi kwenye korona, yaani mashine ya kusaga majani na kutoa nyuzi. Nyuzi zikikauka hufungwa marobota, marobota yanapakiwa kwenye mabehewa, mabehewa yanashuka bandarini. Hapo una kila kitu ambacho reli ya mfano inahitaji: mzigo unaoingia, mzigo unaotoka, mandhari yanayotambulika kwa jicho moja, na milima ya Usambara kwa nyuma. Stesheni yetu itakuwa ya kubuni, mahali fulani kati ya Muheza na Korogwe, ikiwa na ghala la shamba la mkonge ubavuni.

Uamuzi wa kwanza ni skeli, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara ngapi, na wengi huufanya bila kujua wameufanya, kwa kununua seti waliyoikuta dukani. Seti nyingi duniani ni za HO, yaani 1:87, zikipita juu ya njia ambayo reli zake mbili zimeachana milimita 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87 upate milimita 1,435 na ushei, ambao ndio upana wa SGR, yaani reli ya kiwango cha kimataifa. Kwa hiyo kama moyo wako uko kwenye treni ya SGR ya Dar es Salaam na Dodoma, au ile ya Mombasa na Nairobi, HO inakufaa bila marekebisho. Njia ya Tanga ni ya mita moja. Katika HO ungehitaji njia ya milimita 12, ambayo hutengenezwa zaidi kwa ajili ya wapenzi wa reli za milimani za Uswisi, na bei yake si ya mtu anayeanza.

Ipo njia nyingine ambayo naipendekeza kwa moyo wote, nayo ni kujenga katika skeli ya 1:64 juu ya njia ileile ya kawaida ya milimita 16.5. Mita moja ikigawanywa kwa 64 ni milimita 15.6, kwa hiyo unakosea kwa chini ya milimita moja, na jicho halioni. Reli ya TAZARA, yenye milimita 1,067, inatoka 16.7, karibu kabisa na kamili. Vijireli vya mashamba ya mkonge, ambavyo vingi vilikuwa vya milimita 600, vinatoka 9.4, na njia ya milimita 9 ya skeli ya N inauzwa kila mahali panapouzwa treni za mfano. Tena vigari vya chuma vya Hot Wheels na Matchbox, vile ambavyo watoto wa mjini wanavyo tele, vingi vinakaribia 1:64. Havilingani vyote, kwa sababu kiwanda hupunguza lori kubwa ili liingie kwenye kisanduku kilekile, lakini ukichagua pikapu na magari madogo hutakosea.

Hasara yake ni kwamba hutapata kichwa wala behewa la Tanga limetengenezwa tayari. Utanunua kichwa cha dizeli cha HO chenye mota nzuri, utavua bodi yake, na utajenga bodi mpya ya kadibodi ngumu au plastiki juu ya magurudumu yaleyale. Hii ni kazi ya jioni nyingi, na ni kazi tamu. Kama hujisikii kuifanya, baki na HO na kichwa ulichonacho. Karibu yote yatakayofuata yanakuhusu, ila vipimo utavipunguza kwa robo hivi.

Fedha yako ya kuagiza vitu nje itumie kwa mambo manne tu: njia, pointi mbili (vile vipande ambapo njia moja hugawanyika kuwa mbili), kichwa kimoja chenye mwendo laini, na magurudumu ya chuma pamoja na viunganishi vya mabehewa. Kichwa usikipunguzie. Kichwa cha bei nafuu kinachoruka badala ya kutambaa kitaiharibu raha ya stesheni nzima, kwa kuwa kazi ya kupanga mabehewa hufanywa polepole sana. Usiagize miti ya plastiki, nyasi za pakiti wala nyumba za kuunganisha. Miti hiyo ni ya Ujerumani na nyumba ni za Uingereza, na Korogwe haina mahali pa kuziweka.

Sasa ubao. Shiti ya plaiwudi ni sentimita 244 kwa 122. Mwambie fundi aipasue kwa urefu vipande vitatu vya sentimita 40. Msumeno utakula kilichobaki. Kipande kimoja ndicho stesheni yako, viwili viweke. Chukua plaiwudi ya milimita 12, si MDF, hasa kama unaishi pwani: MDF hunywa unyevu wa masika na kuvimba kingoni, na ikivimba haitarudi. Chini yake piga fremu ya mbao zilizokauka vizuri, zenye kimo cha sentimita 7 hivi, na mihimili ya kukingama kila baada ya sentimita 40. Kabla hujaweka hata kipande kimoja cha reli, paka vanishi au rangi ya mafuta pande zote mbili za ubao na kwenye kingo. Kuupaka upande wa juu peke yake ni hatari kuliko kutopaka, maana upande wa chini utavuta unyevu na ubao utapinda. Paka pia dawa ya mchwa na dumuzi kwenye fremu, ndani ya viungo, kabla hujafunga skrubu.

Kimo cha kuuweka kinategemea nani atautumia. Kwa mtu mzima aliyesimama, mita moja na robo huleta treni karibu na macho, na hapo ndipo treni ndogo huanza kuonekana nzito. Kwa watoto shusha hadi sentimita 80. Mimi ningechagua kimo cha watoto na kumpa mtu mzima kiti.

Ramani ya njia haihitaji ubunifu mkubwa, kwa sababu Mwingereza Alan Wright alishatuachia mpangilio mdogo usiochosha, unaojulikana kwa jina la Inglenook. Una njia tatu za kuegesha na mkia mmoja wa kuvutia mabehewa. Njia ya kwanza inachukua mabehewa matano, ya pili matatu, ya tatu matatu, na mkia unachukua kichwa pamoja na mabehewa matatu. Una mabehewa manane kwa jumla, na kazi ni kuunda treni ya mabehewa matano kwa mfuatano uliopangwa na bahati. Idadi ya mifuatano inayowezekana ni 6,720. Pointi mbili zinatosha.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Behewa la Tanga la mita 13 likiwa 1:64 ni sentimita 20, kwa hiyo njia ya matano inataka mita moja kamili, na mkia unataka sentimita 85 hivi. Ukiitoa njia ndefu kwenye pointi ya pili, utamaliza ubao kabla njia haijaisha. Itoe kwenye pointi ya kwanza, na zile fupi mbili zitoke kwenye pointi ya pili; jumla itakuwa sentimita 215 hivi, na utabakiwa na nafasi kidogo kila mwisho kwa ajili ya vizuizi. Vipimo hivi usiviamini kwa sababu nimeviandika. Kata vipande vya karatasi vyenye ukubwa wa mabehewa yako, vipange juu ya ubao, na usogeze.

Kutandika njia ndiyo sehemu ambayo nakusihi usiiharakishe. Mandhari mabaya yanafutika. Njia mbaya huiangusha treni kila siku mahali palepale. Chagua njia yenye reli za nikeli-silva, ule mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, kwa sababu chuma cha kawaida hushika kutu kwenye hewa ya chumvi na shaba ya manjano huvaa utando unaozuia umeme. Reli yenye kimo cha milimita 1.9 inafaa kuliko ile nene ya milimita 2.5, kwa sababu 1.9 ukiizidisha kwa 64 unapata kimo cha reli nyepesi kinachokaribia kile cha njia za mita. Mataruma ya njia ya HO yana urefu wa milimita 30 hivi, sawa na taruma la mita mbili katika 1:64, ila yamekaribiana mno. Geuza njia juu chini, kata kwa wembe vile viunganishi vya plastiki vilivyo kati ya taruma na taruma, kisha uyasogeze yaachane milimita 11. Mabadiliko haya madogo ndiyo yatakayomfanya mtu aliyewahi kusafiri kwa reli ya mita aitambue bila kuambiwa. Mataruma ya chuma yamejaa kwenye reli zetu, kwa hiyo yapake rangi ya kutu, wala si nyeusi ya mbao iliyopakwa lami.

Chora mistari ya njia kwa penseli juu ya ubao, weka pointi kwanza, kisha fuatisha njia. Kila kiungo kipitishie ukucha: ukikwama, piga tupa ndogo hadi upite. Acha mwanya wa nusu milimita kwenye viungo vichache, kwa kuwa reli hutanuka kwa joto na mbao husogea zaidi kwa unyevu. Halafu inama hadi jicho lako liwe usawa wa reli, ufumbe jingine, utazame njia kwa urefu wake. Mkunjo ambao hukuuona ukiwa umesimama utauona mara moja. Pimamaji nalo ulitumie kila sentimita 20 kwa kukingama, maana behewa huanguka mara nyingi zaidi kwa reli moja kuwa juu ya mwenzake kuliko kwa kona kali.

Mpango huu hauna mlima wowote, na hilo ni makusudi. Anayetaka njia ipite juu ya nyingine katika HO anahitaji kupanda sentimita 7.5 hivi; kwa mwinuko wa asilimia 2, ambao kichwa cha kawaida huumudu, hiyo ni mita 3.75 za kupanda peke yake, na nyingine kama hizo za kushuka. Nyumba nyingi hazina nafasi hiyo. Ubao tambarare wenye kazi nyingi ni bora kuliko mlima unaoizuia treni.

Umeme huwatisha watu bure. Treni hizi hutumia volti 12 za mkondo mnyoofu, ambazo haziwezi kumdhuru mtoto anayegusa reli. Adapta ya ruta ya intaneti yenye volti 12 na ampea moja na nusu inatosha kwa kichwa kimoja. Mwenye sola nyumbani anaweza kutumia betri yake, na akaendelea kucheza umeme wa mtaa ukikatika, lakini kwa sharti moja lisilo na mjadala: fyuzi ya ampea 2 ifungwe kwenye waya chanya, sentimita chache tu kutoka kwenye betri. Betri ya sola ina nguvu ya kuyeyusha waya na kuunguza ubao ikiwa bisibisi itadondoka juu ya reli. Umeme wa volti 230 usiuingize chini ya ubao kwa vyovyote. Uishie ukutani, kwenye adapta.

Kati ya adapta na reli weka kidhibiti mwendo cha mota ya volti 12, kijibodi chenye kitasa cha kuzungusha ambacho wauza vipuri vya elektroniki wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi wanacho, na swichi ya kugeuza mwelekeo. Kidhibiti cha aina hii hupeleka umeme kwa mapigo ya haraka, kwa hiyo kichwa hutambaa vizuri sana. Kichwa chenye kompyuta ndani yake, au chenye mota ndogo isiyo na kiini cha chuma, usikitumie hapo, kitaharibika. Mfumo wa kidijitali wa DCC ni mzuri kwa mwenye vichwa vingi vinavyotembea kwa pamoja. Kwa stesheni yenye kichwa kimoja, fedha hiyo ingenunua mota bora.

Chini ya ubao pitisha waya mbili nene, nyekundu na nyeusi, zile za milimita za mraba 1.5 zinazotumika kwa taa za nyumba. Kutoka hapo panda na kijiwaya chembamba hadi kwenye kila kipande cha reli, bila kuruka hata kimoja. Watu hutegemea vile vishikio vinavyounganisha reli na reli kupitisha umeme. Hupitisha mwaka wa kwanza, kisha utando wa chumvi na vumbi huingia, na treni huanza kusimama bila sababu inayoonekana. Kulehemu vijiwaya ni kazi ya siku moja. Safisha ubavu wa nje wa reli kwa msasa laini, weka risasi kidogo kwenye reli na kidogo kwenye waya, kisha viguse pamoja na chuma cha moto kwa muda mfupi sana ili mataruma ya plastiki yasiyeyuke. Fungua dirisha, na unawe mikono kabla ya kula.

Kuhusu pointi, angalia pale katikati ambapo reli mbili zinakutana. Kuna zenye kipande cha plastiki hapo na kuna zenye chuma. Cha plastiki ni rahisi kufunga lakini hakina umeme, na kichwa kifupi kinachotambaa kitazimika juu yake. Nunua pointi zenye chuma, na kipande hicho ukiunganishe na kiswichi kinachobadilisha umeme pointi inapogeuzwa. Kitakuongezea usumbufu siku ya kufunga na kukuondolea usumbufu wa miaka.

Sasa subiri. Usiweke udongo, usiweke mti. Endesha treni juu ya ubao mtupu kwa majuma kadhaa. Sukuma mabehewa matano kinyumenyume kupitia pointi zote, kwa kila upande, polepole kabisa. Kila yanapoanguka bandika kipande cha selotepu. Zikikusanyika selotepu tatu mahali pamoja, tatizo ni njia. Zikitawanyika lakini zote zimesababishwa na behewa moja, tatizo ni behewa.

Mabehewa hushindwa kwa mambo mawili, uzito na magurudumu. Kwa HO, kanuni iliyozoeleka ni gramu 28 za kuanzia na gramu 14 kwa kila sentimita 2.5 za urefu, kwa hiyo behewa la sentimita 15 liwe na gramu 112 hivi. Mabehewa ya 1:64 yanafaa yawe mazito kidogo zaidi. Bandika nati au washa ndani, karibu na sakafu, si juu. Magurudumu yawe ya chuma. Ya plastiki huokota uchafu na kuupaka reli nzima. Pima nafasi ya ndani kati ya gurudumu na mwenzake, iwe karibu milimita 14.4, na yote yalingane. Gurudumu lililosogea nusu milimita ndilo linalopanda juu ya pointi.

Njia ikitulia, unaingia kwenye sehemu ambayo sisi tumebahatika. Vitu vinavyouzwa ghali kwingine, hapa viko uwanjani. Udongo mwekundu wa njiani uchekeche kwa chujio la chai, ukaange kwenye sufuria kavu ili kuua wadudu, kisha upitishe ndani yake sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Utashangaa kiasi cha chembe nyeusi zitakazonasa. Chembe hizo zikibaki zitavutwa na sumaku ya mota na kuisaga kutoka ndani. Kokoto za njia ni hivyohivyo: jiwe la sentimita 5 ni milimita 0.8 katika skeli yetu, na chujio la chai linakupa kipimo hicho. Zimwage kati ya mataruma, zisawazishe kwa brashi laini, zinyunyizie maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha dondoshea kwa sirinji gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Karibu na ulimi wa pointi usidondoshee kitu. Hapo paka rangi tu.

Nyasi ndefu zitokane na katani yenyewe, yaani nyuzi za mkonge. Kata kamba ya katani vipande vya milimita 5 hadi 15, vipake rangi kwa chai kali au rangi ya vitambaa, uvisimamishe mafungumafungu kwenye gundi. Dodoki kavu likichanwa na kupakwa kijani ni majani ya mwembe. Makumbi ya nazi yakitandazwa juu ya waya zilizosokotwa ni mgunga wenye kichwa bapa. Mbuyu unataka shina nene la waya lililofunikwa kwa plasta na kuchanjwachanjwa kwa sindano kabla halijakauka. Weka mmoja tu, na uweke pembeni, kwa sababu mbuyu katikati ya ubao huimeza stesheni yote.

Shamba la mkonge lifanye kwa karatasi ngumu iliyokatwa nyota zenye ncha nyingi, tatu au nne zikipandanishwa, kimo cha sentimita 2 hivi, rangi ya kijani iliyochanganywa na kijivu. Usizitawanye. Mkonge hupandwa kwa safu mbilimbili, mita moja kati ya safu na safu, halafu njia ya mita nne ya kupitia wakataji. Katika 1:64 hiyo ni sentimita 1.6, kisha 6.3. Mistari ikinyooka kuelekea milimani, sentimita 40 za ubao zitaonekana kuwa shamba lisilo na mwisho. Nyuma yake, kwenye kipande cha ubao mwingine au kadibodi, paka Usambara kwa samawati hafifu sana, hafifu kuliko unavyotaka, na mstari wa upeo uwe usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Kando ya korona vuta nyuzi nyembamba za shaba juu ya vijiti na uning'inize katani uliyoichana, kwa kuwa ndivyo inavyoanikwa.

Mabati nayo yana siri yake. Bati la migongo huwa na milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo, na katika 1:64 hiyo ni 1.2. Meno ya bolti ya M8 yameachana milimita 1.25. Chukua foili nene ya vyombo vya kubebea chakula, ilaze juu ya kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na uviringishe bolti juu yake kwa kukandamiza bila kuiburuta. Mistari itatoka imeinama kidogo, kwa hiyo kata mabati kwa kuifuata hiyo mistari, si ukingo wa foili. Kata kila bati peke yake, upana wa sentimita 1.2 na urefu wa sentimita 4 hivi, uezeke moja juu ya jingine kuanzia chini kama fundi anavyoezeka. Mawili matatu yapake kutu nyingi kuliko mengine. Kwa wenye HO, bolti ya M5 ndiyo yenu.

Wakati wa kucheza, andika kadi nane, moja kwa kila behewa, na kila behewa lipe kazi: mawili ya marobota ya katani, mawili matupu yanayosubiri kupakiwa, moja la saruji kutoka Pongwe, moja la dizeli ya mashine, mawili ya mchanganyiko. Changanya, chomoa tano, zipange mezani. Hiyo ndiyo treni inayotakiwa kuondoka kwenda Tanga. Mtoto wa miaka saba huelewa sheria kwa mchezo mmoja. Mmoja awe dereva, mmoja awe wa pointi na wa kutenganisha mabehewa, na dereva asisogee mpaka mwenzake amwambie. Wakizoea, ongeza sharti kwamba behewa la dizeli lisikae jirani na kichwa.

Usafi ni kazi ya dakika tano kabla ya kuanza: kitambaa kisichotoa nyuzi, spiriti kidogo, pitisha juu ya reli. Msasa usiupitishe juu ya reli hata siku moja, kwa kuwa mikwaruzo yake ndiyo huhifadhi uchafu. Ukimaliza, funika ubao kwa shuka la pamba, si nailoni inayofungia unyevu.

Kama una duara tayari, usivunje kitu. Ongezea kila kipande cha reli vijiwaya, badilishia mabehewa magurudumu, ongeza uzito, kisha chomeka pointi mbili upande mmoja na ujenge stesheni hii ndani yake. Treni itaendelea kuzunguka kwa ajili ya wageni, nawe utakuwa na kazi.

Na vile vipande viwili vya plaiwudi vilivyobaki vina wakati wake. Kipande cha kwanza kinaweza kuwa mwisho wa Tanga, gati na ghala, au njia tatu tupu nyuma ya ukuta ambako treni zinajificha zikingoja zamu. Unganisha ubao na ubao kwa bolti mbili nene na bawaba za mlango zilizochomolewa pini, ili ziwe zinarudi mahali palepale kila unapozifunga. Pale njia inapovuka kiungo, zamisha skrubu za shaba ya manjano upande huu na upande ule, tandika reli nzima juu ya kiungo bila kuikata, ilehemu juu ya skrubu, na baada ya hapo ndipo upitishe msumeno mwembamba katikati. Ukikata kwanza na kulehemu baadaye, ncha hazitakutana.